Sensa ya hali ya hewa inazima usiku inarudi asubuhi: mwongozo kamili wa kusaka tatizo la umeme

Nalima viazi mviringo huku Njombe, na kwetu mvua ya usiku pamoja na unyevu wa alfajiri ndio unaoamua kama kesho unapiga dawa ya bakajani au unaacha. Sasa sensa ya nje (kile kifaa cha juu ya nguzo kinachopima mvua, joto na upepo na kurusha vipimo ndani kwa mawimbi ya redio) ikizima saa 9 usiku ikarudi saa 2 asubuhi jua likishawaka, zile saa unazozihitaji kuliko zote ndo zimepotea hivyo. Msimu uliopita sensa yangu ilifanya hivi karibu mwezi mzima, nikabadilisha betri mara 3, nikahamisha nguzo, nikafikia hatua ya kutaka kuagiza nyingine mpya, kumbe kilichokufa ni kidude kimoja kidogo ndani na kilikuwa kinaniambia kila usiku kwa saa yake ya kuzima, ila sikuwa naangalia saa. Kwa hiyo naandika yote hapa kwa mpangilio ninaoufuata siku hizi.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI, JUA SENSA YAKO INAKULA UMEME WAPI

Sensa nyingi za nyumbani zenye paneli ya sola juu zina vyanzo vitatu. Kuna paneli yenyewe, kuna ghala ndani (mara nyingi ni kapasita kubwa, ile wanaita supakapasita), halafu kuna betri za akiba. Mchana paneli inaendesha sensa na kujaza ghala, usiku sensa inakula kwenye ghala, na ghala likiisha ndo betri zinaingia. Watu wengi wanadhani betri ndo kila kitu na paneli ni ya kusaidia, kumbe kwenye sensa hizi ni kinyume, betri ni za dharura tu.

Lakini sio zote ziko hivyo, angalia yako. Davis Vantage Vue ina paneli, supakapasita, na betri moja ya lithiamu ya CR123A ya volti 3. Ecowitt WS69 ina paneli na betri 2 za AA. AcuRite Atlas inatumia AA 4 na paneli yake kazi yake ni kuzungusha feni ndogo ya kupooza kipima joto, haiichajishi betri, kwa hiyo ukisafisha paneli ya Atlas wiki nzima sensa haitapata nguvu hata kidogo. Na zile sensa ndogo za joto na unyevu zisizo na paneli kabisa, hizo ni betri tu, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya betri.

ANDIKA SAA INAYOZIMA, SIKU 3 MFULULIZO

Hii ndo hatua naisisitiza kuliko zote na haina gharama yoyote. Fungua grafu kwenye simu au kwenye konsoli (kile kioo cha ndani kinachopokea vipimo vya sensa), andika imezima saa ngapi, imerudi saa ngapi, na siku hiyo kulikuwa na jua, mawingu au mvua. Usiguse kitu chochote siku hizo 3, maana ukibadilisha betri katikati umeshaharibu ushahidi.

Ikizima usiku na kurudi jua likishapanda, ghala halishiki chaji na betri za akiba nazo zimekufa au hazigusi vizuri. Angalia hiyo "na", ni makosa mawili kwa pamoja, kwa sababu betri zingekuwa nzima zingeibeba sensa hadi asubuhi usijue hata kama ghala limekufa. Ndo maana ukiweka betri mpya inapona wiki chache halafu inarudia, betri zimekuwa zinabeba kila usiku mzigo ambao zilitakiwa kuubeba mara moja moja tu.

Ikizima baada ya siku 2 au 3 za mawingu mazito, ghala liko sawa ila halijazwi, shuku paneli au uchafu au kivuli. Ikizima wakati wa mvua au muda mfupi baada ya mvua, maji yameingia. Ikikatika dakika 5 ikarudi, ikakatika tena saa 8 mchana jua kali, hiyo hata sio umeme mara nyingi, ni mawimbi ya redio au mguso wa betri uliolegea, hasa kama upepo ukivuma ndo inazidi.

Na kuna moja inachanganya sana, sensa inazima usiku halafu HAIRUDI hata jua likiwaka kutwa. Hii nitaieleza chini kwenye kuiwasha upya.

Nikupe hesabu kidogo uone kwa nini saa inasema kweli. Tuseme kapasita ni ya faradi 10 (faradi ndo kipimo cha ukubwa wa kapasita), jioni ina volti 4 na sensa inazima ikifika 2.5, na sensa inakula kwa wastani miliampea 0.3. Hapo unapata kama saa 14 za kutembea. Usiku wetu huku karibu na ikweta ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo unatosha na unabakiza. Kapasita ikizeeka ikabakiwa na theluthi moja ya uwezo wake, unapata saa 4 na nusu hivi, jua likizama saa 12 na nusu jioni basi saa 5 usiku kwisha habari. Na kwa sababu inazeeka polepole, utaona saa ya kuzima inarudi nyuma: mwezi huu saa 10 alfajiri, unaofuata saa 8 usiku, halafu saa 5. Ukiona mtiririko huo wala usihangaike na nguzo wala antena.

HAKIKISHA SIO UPANDE WA NDANI

Konsoli nayo inahitaji umeme. TANESCO wakikata na konsoli yako haina betri zake za akiba, grafu itakuwa na pengo lile lile kama sensa imezima. Ukitaka kujua, linganisha na kipimo cha ndani, maana konsoli nyingi zina kipima joto chake chenyewe: kama joto la ndani nalo limepotea saa zile zile, tatizo ni konsoli au adapta yake au waifai, sensa haina kosa.

Baada ya hapo leta sensa ndani, iweke mita 3 hivi kutoka kwenye konsoli (usiibananishe kabisa, ikiwa karibu sana mawimbi yanaweza kuzidi nguvu ya kipokeo). Ikifanya kazi hapo kwa siku nzima na kule nje haifanyi, ni mwendo au kizuizi, bati na ukuta wa tofali vinakula sana mawimbi. Ila kumbuka betri dhaifu nayo inaweza kufupisha mwendo wa redio, kwa hiyo pima betri kabla hujahukumu.

Tahadhari kabla hujaishusha sensa: ile ndoo ndogo ya kupimia mvua inayopinduka ndani itahesabu kila mtikisiko kama mvua. Ibane kwa kipande cha karatasi laini au sponji kwanza, la sivyo utajikuta na milimita 20 za mvua ambayo haikunyesha. Na wakati sensa iko mezani usikae bila kipimo, weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, pima kwa rula kila saa 3 asubuhi, saa ile ile ambayo vituo rasmi huku kwetu vinasoma mvua, andika kwenye daftari. Rekodi ya msimu isikatike kwa ajili ya matengenezo.

BETRI

Utahitaji multimita (kile kipimio cha volti na ampea), ile ya bei ya chini madukani kwa vifaa vya umeme inatosha. Weka kwenye volti za DC, alama ya 20. AA mpya ya alkalini inasoma 1.5 mpaka 1.6, ikishuka chini ya 1.3 itoe. CR123A inatakiwa kuwa 3 au zaidi kidogo.

Tatizo ni kwamba kupima betri ikiwa imekaa tu inadanganya. Betri feki au iliyokaa stoo miaka inaweza kusoma 1.5 vizuri kabisa, halafu sensa ikitaka kurusha mawimbi inahitaji nguvu ya ghafla na betri inaporomoka. Mimi betri za pili nilizonunua zilikuwa hivyo, mpya kwenye pakiti, nyepesi mkononi, zilikaa siku 9. Kwa hiyo zipime zikiwa na mzigo: chukua rezista ya omu 10 ya nusu wati, fundi redio yeyote anayo, iguse kwenye ncha mbili za betri ya AA huku multimita imeshika hapo hapo, hesabu mpaka 5. Nzima itabaki juu ya 1.3. Iliyochoka utaiona inateremka machoni pako kwenda 1.1 na chini. Usije ukaweka multimita kwenye ampea na kuigusa betri moja kwa moja, hiyo ni shoti, na kwa lithiamu ni hatari ya kweli ya moto.

Kuhusu betri za kuchaji za AA: zina volti 1.2, mbili zinakuwa 2.4 badala ya 3, na sensa nyingi zinaona hiyo ni betri imeisha wakati imejaa. Kama kitabu cha sensa hakijaziruhusu usiweke. Zile za kuchaji zenye umbo la CR123A ni mbaya zaidi upande mwingine, nyingine zikijaa zinafika volti 4.2 na unaweza ukaunguza bodi. Mimi sasa naweka AA za lithiamu za kawaida zisizochajiwa, bei iko juu kweli ila zinavumilia baridi na joto na hazina tabia ya kuvuja kama alkalini, na kwa kitu kilichoko juu ya nguzo ya mita 4 sitaki kupanda kila mara. Usichanganye mpya na nzee wala aina mbili tofauti.

MIGUSO NA SPRINGI

Ukikuta unga mweupe au rangi ya kijani kwenye springi, betri imevuja. Alkalini inavuja potasiamu haidroksaidi, inakula chuma na inachoma ngozi na macho, vaa glavu. Tone dogo la siki au maji ya limao kwenye pamba linaimaliza nguvu, likishaacha kutoa povu safisha kwa spiriti, sugua na mswaki wa zamani, acha ikauke kabisa. Chuma kikiwa cheusi pitisha msasa laini kidogo tu, ukisugua sana unatoa ile rangi ya juu inayozuia kutu na itarudi haraka. Springi iliyolala ivute nje taratibu.

Halafu fanya kipimo hiki ambacho wengi hawakifanyi: betri zikiwa ndani, pima volti juu ya betri zenyewe, kisha pima pale nyaya za betri zinapolehemiwa kwenye bodi. Zinatakiwa zifanane. Kama juu ya betri ni 3.1 na kwenye bodi ni 2.7, kuna sehemu katikati inakula, iwe springi, iwe waya uliooza ndani ya plastiki yake. Waya wa hivyo kwa nje unaonekana mzima ila ukiuvuta unanyooka kama mpira, ubadilishe.

PANELI

Anza na kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na kinyesi cha ndege kiloweke kwanza usikikwangue. Kivuli cha tawi moja dogo kinaharibu kuliko unavyodhani, maana seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano na seli moja ikifunikwa inabana zote. Mti uliokuwa mfupi ulipofunga sensa miaka 2 iliyopita leo unaweza kuwa ndo mwizi wako.

Sasa mwelekeo. Vitabu vingi vya sensa hizi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani na Ulaya na vinakwambia elekeza paneli KUSINI. Huku Njombe tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, limelala nyuzi kama 32 kutoka utosini, na hiyo ndo miezi yetu ya baridi na ukungu ambayo sola inapata shida. Kwa hiyo paneli yenye mlalo elekeza KASKAZINI. Desemba jua linahamia kusini kidogo lakini liko juu sana, nyuzi 14 tu kutoka utosini, halina neno. Aliye Nairobi au Kisumu ambako ikweta iko jirani haimsumbui sana, paneli ikitazama juu inatosha. Ila angalia: ukiigeuza sensa, kipima mwelekeo wa upepo nacho kinageuka, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uchague kizio cha kusini kama konsoli yako ina hiyo sehemu, au rekebisha nyuzi 180 mwenyewe, la sivyo upepo wa kusi utaandikwa kaskazi.

Kupima paneli, achanisha waya wake mmoja kutoka kwenye bodi, pima volti zake jua la saa 6 mchana, halafu ifunike kwa kitambaa kizito. Lazima uone tofauti kubwa. Kama juani inatoa volti chini kabisa ya ilichoandikiwa au namba inarukaruka ukiibonyeza kidogo kwa kidole, kuna ufa au kiungo kimeachia. Paneli ambayo plastiki ya juu imekuwa ya njano na ukungu ukungu, volti zake zitaonekana sawa lakini ampea hakuna, hiyo tafuta nyingine ya volti ile ile na ukubwa unaokaribiana.

KAPASITA, HAPA NDO KWANGU PALIKUWA

Jaribio lake halihitaji hata kufungua. Toa betri za akiba kabisa. Acha sensa juani kutwa mpaka saa 10 jioni. Funika paneli kwa kitambaa cheusi mara 2, angalia saa, kaa na simu uone inatuma mpaka lini. Nzima inakwenda masaa mengi. Yangu ilikwenda dakika 25.

Ukifungua, supakapasita ni kidude cha mviringo kama kifungo kinene au kama mkebe mdogo, mara nyingi kimeandikwa 5.5V au 2.7V na herufi F. Angalia kama kimevimba au kuna ute kwenye miguu. Pima volti zake jioni na tena alfajiri kabla jua halijatoka. Jioni ikiwa juu na saa 2 baadaye imeshaporomoka, kimeisha. Kinachoviua ni joto, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka maisha yake yanapungua kama nusu, kwa hiyo mwenye sensa Dar au Mombasa juu ya bati ategemee kubadilisha mapema kuliko mimi wa kwenye baridi.

Kubadilisha: nunua chenye volti zile zile au zaidi, KAMWE isiwe pungufu, faradi zikaribiane na za mwanzo. Toa betri, funika paneli, maliza chaji iliyobaki kwa kushikiza rezista ya omu 100 kwenye miguu yake bila haraka, kapasita ya faradi 10 inahitaji kama saa nzima kufika chini. Piga picha kabla hujalehemua uone upande wa hasi uko wapi, ukigeuza kinaharibika. Kama hujawahi kulehemu mpelekee fundi redio na kapasita mpya mkononi, ni kazi ya muda mfupi, wangu alimaliza nikiwa nakunywa chai.

MAJI NA WADUDU

Ukiwa umeshafungua angalia mpira wa kuzuia maji unaozunguka kifuniko, ukiwa mgumu au umepasuka hauzuii. Ukikuta bodi ina alama za maji isafishe kwa spiriti, ikaushe kwa upepo, weka kifuko cha silika jeli ndani kikienea. Sisimizi wanapenda sana kule ndani, mayai yao yanashika unyevu na kusababisha uvujaji mdogo wa umeme usioonekana, toa yote. Lakini usizibe vitundu vya chini kwa silikoni, vile ni vya kutolea unyevu, ukiviziba maji yanayoingia kwa ukungu wa Julai hayatoki tena.

KUIWASHA UPYA

Turudi kwa ile inayozima isirudi hata jua likiwaka. Alfajiri volti zinapanda polepole mno, na kompyuta ndogo ya ndani inaweza kuamka nusu ikakwama hapo hapo. Kuongeza betri juu yake hakusaidii maana ghala bado lina chaji kidogo inayoishikilia. Toa betri, funika paneli giza kabisa, acha ikae, mimi naiacha usiku mzima, ndo uweke betri zilizo nzima ukiwa gizani ndani ya nyumba. Taa ndogo ikiwaka kwa sekunde chache imeamka. Kama konsoli haiioni, iambie itafute sensa upya kwenye mipangilio. Ikianza kukwama hivi mara kwa mara rudi kwenye kapasita.

Ukimaliza usiirudishe kwenye nguzo siku hiyo hiyo. Iache juani uwanjani bila betri za akiba kwa siku 3 na usiku 3, ipite usiku yote bila pengo kwenye grafu, ndo uweke betri, utoe ile karatasi kwenye ndoo ya mvua, uipandishe. Na kila mwanzo wa Novemba kabla mvua hazijashika mimi narudia lile jaribio la kitambaa cheusi na naandika dakika kwenye daftari, mwaka huu zimepungua au zimebaki pale pale.